Nahamia nje, jiji la pwani ya tropiki. Waliotangulia nifungueni macho kabla sijafunga mizigo

Nanga_Juu

Wakuu habari zenu. Kazi yangu ni ya kompyuta, na mwajiri amekubali niifanyie popote. Mimi na mke wangu tumepiga hesabu tukaamua: ndani ya miezi sita tunahamia nchi nyingine, jiji la pwani upande wa tropiki. Jiji silitaji kwa sababu mwenye nyumba wangu yumo humu na bado sijatoa notisi. Tuko watatu, mtoto ana miaka saba, na paka mmoja ambaye mtoto kasema hasafiri bila yeye.

Kule tumekwenda likizo mara mbili, siku kumi kila mara, tukapapenda mno. Mimi mtu wa milimani, wa kulala na blanketi mbili, kwa hiyo bahari kwangu ni sikukuu. Nimeshaona nyumba mtandaoni: ghorofa ya chini, hatua chache tu unakanyaga mchanga, kuta nyeupe, dirisha kubwa linaloangalia maji. Mwenyewe anataka kodi ya mwaka mzima sasa hivi ndipo anishikie.

Nilipe? Samani niuze au nisafirishe? Na kitu gani mlikijua mkiwa mmeshachelewa?

Jicho_Kavu

Paka ndiye kiongozi wa msafara. Navuta kiti.

Kasia_Moja

Usilipe hata senti. Nitaeleza kwa nini, ila kwanza nijibu: hizo likizo mbili ulikwenda miezi gani?

Nauliza kwa sababu huu ni mwaka wa tisa naishi mji wa namna hiyo, na kila mwaka naona watu wanakuja na moto kama wako, mwaka haujaisha wamerudi. Si wajinga hao. Waliupima mji kwa siku kumi za kiangazi wakiwa hotelini, mtu mwingine akiwafulia mashuka na kulipa umeme. Mji huo wa likizo upo kweli, ila si ule utakaokuwa unaamka saa kumi na mbili kumwandaa mtoto.

Mtu wa milimani akiona nyuzi 31 kwenye simu anasema mbona hata kwetu mchana inafika. Inafika, lakini hewa yenu ni kavu, jasho linakauka na mwili unapoa. Pwani ya tropiki jasho linatoka lakini halikauki, linakutiririka tu mgongoni. Kwa hiyo acha kuangalia joto, tafuta nyuzi za umande, yaani joto ambalo hewa ikipoa hadi hapo inaanza kudondosha umande, programu nyingi za hali ya hewa zinazo. Chini ya 16 utakuwa raha mustarehe. Zikipita 24, hata kukaa kitini ni kazi, na miji mingi ya aina hiyo hubaki hapo miezi mfululizo, mchana na usiku. Kilichotushinda sisi ni usiku. Mchana una shughuli unasahau, lakini saa nane usiku umeme umekatika, shuka limekuganda, mtoto analia, hapo ndipo ndoa inapopimwa.

Mwili huzoea, tena haraka kuliko watu wanavyodhani. Wiki moja hadi mbili za kufanya shughuli kwenye joto, unaanza kutoa jasho mapema zaidi na lenyewe linapungua chumvi. Maana yake zile siku kumi zako, uliondoka wakati mwili ndio kwanza unaanza kuelewa.

Ushauri wangu ni mmoja, mengine yote ni nyongeza. Nenda mwezi mbaya kuliko yote wa mwaka, ukae angalau wiki tatu, kwenye nyumba ya kawaida mtaa wa kawaida, ufanye kazi zako kama kawaida. Mkirudi bado mnapataka, hameni. Mwenye nyumba anayetaka mwaka mzima kabla hujaona mlango, muombe akutumie video iliyopigwa leo mchana, avute kabati la nguo aonyeshe ukuta wa nyuma yake. Halafu uone kama atajibu.

Nanga_Juu

Mkuu, mara zote mbili ilikuwa kiangazi. Mvua ya kule sijawahi kuiona. Mwenye nyumba nimeshamwomba hiyo video ya nyuma ya kabati, nasubiri.

Fundi_Friji

Nyuma ya kabati hapo ndipo penyewe, Kasia kagusa. Mimi kazi yangu ni viyoyozi na mafriji miji ya bahari, ngoja niongeze la chumvi maana watu hawalijui kabisa.

Bahari ikipiga, inarusha matone madogo yasiyoonekana, upepo unayabeba. Maji yanakauka, chumvi inabaki juu ya kila kitu. Na chumvi inavuta unyevu wa hewa, kwa hiyo chuma hakikauki hata siku isiyo na mvua. Nyumba ya mstari wa kwanza, yale mapezi ya alumini kwenye boksi la nje la kiyoyozi, ukiyagusa kwa kidole baada ya miaka miwili mitatu yanapukutika kama jivu la karatasi. Nimefungua maboksi hayo mpaka nimechoka. Mwenye nyumba anamwambia mpangaji "gesi imeisha", anajaziwa, wiki mbili imeisha tena. Gesi haikuisha yenyewe, bomba lina tundu.

Mitaa mitatu minne nyuma, hasa pakiwa na majengo mbele, mambo hubadilika sana. Upepo wa bahari unaupata, ule mnyunyizo mwingi unakuwa umeshaanguka. Na ukiwa lazima ukae mbele, osha boksi la nje kwa maji baridi ya kawaida kila mwezi, bila presha kubwa, na bawaba za milango zitafutwe za chuma cha pua daraja la 316. La 304 linapiga madoa ya kutu mapema.

Kuvu nalo: unyevu wa ndani ukikaa juu ya asilimia 60 kwa muda, linaota. Nunua kipimo cha unyevu, ni kitu kidogo cha ukubwa wa kiberiti, usikisie kwa pua. Kabati liache nafasi ya kiganja kutoka ukutani. Mashine ya kukausha hewa ni bora kuliko kuwasha kiyoyozi mkiwa hampo nyumbani. Na viatu vya ngozi, mikanda, koti la suti, USIFUNGE kwenye mifuko ya plastiki ukidhani unavilinda. Unavifungia na unyevu wake humo humo. Viache vipumue, vivaliwe, la sivyo viuzwe kabla ya safari.

Umeme: kuna nchi za volti 100 hadi 127 na nchi za 220 hadi 240. Chaja ya kompyuta na simu soma maandishi yake madogo, ikiandikwa 100-240V inakwenda popote, unabadilisha plagi tu. Pasi, birika, mashine ya kukaushia nywele, achana navyo. Plagi ya kubadilishia umbo haibadilishi volti, wangapi wamechoma vitu hapa.

Jicho_Kavu

Niliyechoma ni mimi. Birika lilitoa moshi wa bluu siku ya kwanza, mbele ya jirani aliyekuja kunikaribisha.

Sina_Presha

Mnamtisha mwenzenu. Watu mamilioni wanaishi pwani na hawajaoza. Mkuu, kodi ni kutupa hela. Kama una akiba nunua kabisa, ardhi ya ufukweni haishuki bei.

Karani_Mstaafu

Kijana, ardhi ya ufukweni inashuka, tena inashuka yenyewe, inaingia baharini. Kila kusi kali likipiga kuna uzio unaondoka.

Kabla ya bei, uliza kama unaruhusiwa. Mexico, mgeni hawezi kumiliki ardhi moja kwa moja ndani ya kilomita 50 kutoka pwani, benki ndiyo inaishika ardhi hiyo kwa niaba yake. Ufilipino mgeni hamiliki ardhi. Thailand vilevile kwa ujumla, ila anaweza kununua sehemu ya jengo la ghorofa ilimradi wageni wote pamoja wasizidi asilimia 49 ya eneo la jengo hilo. Kila nchi ina lake. Mtu akikwambia "tutaandika kwa jina la ndugu yangu, ni utaratibu tu", jua huyo ndugu ndiye mwenye nyumba.

Sina_Presha

Nimekusoma mzee. Ila kulipa kodi ya kupanga bado kunaniuma.

Karani_Mstaafu

Iite ada ya shule.

Nirudi kwa Nanga. Nimefanya kazi ya hati na mizigo maisha yangu yote, na nyumba hainitishi mimi kama makaratasi yanavyonitisha. Umesema mwajiri amekubali. Sawa. Nchi unayokwenda imekubali? Kuingia kwa viza ya utalii na kufungua kompyuta kufanya kazi, nchi nyingi ni kosa hata kama mshahara unatoka kwingine. Siku hizi zipo viza za watu wa kazi kama yako: Barbados ilianza yake Julai 2020, Morisi nayo mwaka huo huo. Tafuta kama unakokwenda wanayo, usome sharti la kipato na la bima. Halafu kodi ya mapato: nchi nyingi zinakuhesabu mkaazi wa kodi ukipitisha siku 183, na mwajiri wako naye anaweza kuguswa. Mpe taarifa sasa, kwa maandishi.

Pasipoti zenu zote tatu ziwe na angalau miezi sita mbele na kurasa tupu. Vyeti vya kuzaliwa, ndoa, shule, chanjo: toa nakala mpya zilizothibitishwa. Kama nchi zote mbili zimo kwenye mkataba wa Hague wa 1961 wa kutambua hati, cheti kinagongwa apostili, muhuri mmoja unaokubalika kwa wanachama wake, basi yamekwisha. Kama mojawapo haimo, kinaanza safari ya wizara ya mambo ya nje, kisha ubalozi, na kila mlango una foleni yake. Na kagueni majina herufi kwa herufi. Cheti cha ndoa kina "Y", pasipoti ina "I", utaambiwa hao ni watu wawili. Nimeona familia ikichelewa miezi mitatu kwa herufi moja.

Leseni: kibali cha kimataifa cha kuendeshea hutolewa na nchi iliyokupa leseni, kwa hiyo kichukue kabla hujaondoka. Na hakikisha ni cha mkataba unaotambuliwa huko, kuna cha 1949 na cha 1968.

Paka kwanza awekwe chipu, kile kidude cha utambulisho chini ya ngozi, halafu ndipo achanjwe kichaa cha mbwa. Mkigeuza mpangilio, chanjo haihesabiki na mnaanza upya. Baadhi ya nchi zinataka kipimo cha damu kinachoonyesha kinga isiyopungua vizio 0.5 vya kimataifa kwa mililita, kisha kungoja. Japani kungoja kwenyewe ni siku 180. Kwa miezi sita yako, paka ndiye anayewahi kuanza. Jicho_Kavu alitania ila kasema kweli. Na mashirika ya ndege mengine hayapakii mnyama kwenye sehemu ya mizigo joto likizidi, angalia tarehe.

Nanga_Juu

Mzee wangu, shikamoo. Umenipa kazi ya mwezi mzima. Na samani je?

Karani_Mstaafu

Marahaba. Samani uza.

Kontena la futi 20 linabeba takriban mita za ujazo 33. Nyumba ya watu watatu mara nyingi hailijazi, kwa hiyo utachangia na wengine, na mzigo wa kuchangia unasubiri wenziwe. Bei utakayotajiwa mara nyingi inaishia bandarini, si mlangoni kwako. Baada ya hapo kuna ushuru, kuna uhifadhi unaohesabiwa kila siku, na kila siku una mtu wa kukwambia "kesho". Mimi mwenyewe, mtu wa kazi hiyo, mzigo wangu ulikaa wiki tano kwa sababu wakala niliyemwamini aliandika "vitu vya nyumbani, maboksi 41" badala ya orodha. Forodha wakataka kila boksi lifunguliwe. Andika mwenyewe: boksi la 7, vitabu vya mtoto 30, sufuria 2, hali imetumika.

Na kasha la mbao likitumika lazima mbao ziwe zimetibiwa dhidi ya wadudu, mara nyingi kwa joto la nyuzi 56 hadi kiini cha mbao kwa dakika 30, na kupigwa muhuri wenye alama ya shuke. Lisipokuwa nao linaweza kurudishwa. Lakini narudia, uza. Fundi amekwambia hewa ya kule inafanya nini. Kabati la mbao za kubandika litavimba kabla hujamaliza kulilipia usafiri.

Mtu_Kati

La haraka: laini yako ya simu ya nyumbani USIIFUNGE. Benki inatuma namba za siri kwa laini hiyo hiyo. Mimi niliifunga kuokoa vijisenti, nikakaa miezi miwili naiona akaunti yangu kwa mbali kama mwezi. Ihakikishe inapokea ujumbe nje ya nchi, na kadi ziwe mbili za benki tofauti.

Mama_Pacha

Kaka Nanga hongera, na mpe shemeji pole ya maandalizi. Mimi ni muuguzi, nimeishi pwani ya joto na watoto wawili.

Homa ya manjano: kama mnatoka au mnapita nchi yenye ugonjwa huo, nchi nyingi zitaomba cheti cha chanjo. Kinaanza kuhesabika siku 10 baada ya sindano, na tangu Julai 2016 ni cha maisha. Chanjo yenyewe ina kirusi hai, mjamzito au mwenye kinga dhaifu aongee na daktari kwanza.

Watu wa milimani mkisikia mbu mnawaza usiku na chandarua. Mbu wa dengi, yule Aedes mwenye miguu ya madoamadoa meupe, anauma mchana, zaidi asubuhi na jioni kabla ya giza. Anazaliana kwenye maji kidogo mno: kifuniko cha chupa, sahani ya chini ya ua, trei ya maji nyuma ya friji. Mayai yake yanaweza kukaa makavu miezi, mvua ikija yanaanguliwa. Kwa hiyo kila wiki mnazunguka nyumba kumwaga na kusugua, kumwaga peke yake hakutoshi. Mtoto akipata homa ghafla, maumivu nyuma ya macho na viungo, msimpe aspirini wala ibuprofeni mpaka apimwe, mpeni parasetamoli kwa kipimo cha uzito wake. Zipo aina nne za kirusi hicho, na kuugua mara ya pili kwa aina tofauti mara nyingi ndiko kubaya. Siku ambazo homa inashuka ndizo za kumwangalia zaidi, kama tumbo linauma, anatapika mfululizo au anatoka damu kwenye fizi, hospitali bila kungoja.

Dawa za kudumu: bebeni za miezi mitatu kama sheria inaruhusu, kwenye vifungashio vyake, na barua ya daktari yenye jina la dawa yenyewe, si la kampuni. Dawa za usingizi, kodeini, za umakini wa watoto, kuna nchi zinazikamata. Mwenye insulini akumbuke nyingi zikishafunguliwa ni takriban siku 28, na si kwenye chumba cha nyuzi 34.

La mwisho, bahari. Mtoto wa milimani afundishwe kuogelea kabla, bwawani, si baada. Na wote mjue mkondo wa kurudi: sehemu inayoonekana tulivu katikati ya mawimbi ndiyo mara nyingi inayovuta kwenda ndani. Ukishikwa usipigane nao kurudi ufukweni, ogelea sambamba na ufukwe mpaka ukuachie, ndipo urudi. Wanaopotea ni wale wanaopambana.

Nanga_Juu

Dada Mama Pacha, asante sana. Mke wangu kasoma yote, anauliza kama anaweza kuandika hapa.

Mama_Saba

Habari zenu, mimi ndiye shemeji. Nina swali ambalo halijaguswa. Yeye anahama na kazi yake. Mimi naacha yangu. Viza inaniita mtegemezi. Je, nitaruhusiwa kufanya kazi? Na hata nikiruhusiwa, siku nzima nitaongea na nani? Kwenye likizo sikuliwaza hili kwa sababu alikuwa na mimi saa zote.

Kasia_Moja

Shemeji, uzi wote huu mzima na swali kubwa umeleta wewe.

Viza nyingi za mtegemezi haziruhusu kazi bila kibali cha pekee, na zile za wafanyakazi wa mbali mara nyingi zinakataza ajira ya ndani kwa wote wawili. Ulizeni kwa maandishi. Sisi hatukuuliza. Mke wangu alikuwa mwalimu miaka kumi na moja. Mwaka wa kwanza kule alikuwa anakaa kwenye veranda saa nne asubuhi akiangalia bahari, na mimi mjinga ndani nikijisemea ana bahati. Siku moja akaniambia, "Hii bahari ukiiona kila siku haikujibu." Nilinyamaza.

Kilichotutoa ni lugha. Alianza masomo ya lugha ya pale, si ya mtandaoni, ya darasani na watu, saa mbili kwa siku. Baada ya miezi minne alikuwa ana marafiki wake, mimi ndiye nikawa natambulishwa. Anza lugha leo, mkiwa bado nyumbani. Na kama bwana kazi yake inafuata saa za nchi nyingine, kaeni mkubaliane saa za kufunga kompyuta, maana mkutano wa kwao saa tatu asubuhi unaweza kuwa wako saa tano usiku.

Mama_Pacha

Na akiba ya tiketi ya kurudi iwe kwenye akaunti yenye jina lako dada. Si kwa ubaya.

Sina_Presha

Hapo mmenifanya nifikirie. Swali la kweli: vimbunga je?

Kasia_Moja

Inategemea jiji liko wapi. Karibu kabisa na ikweta, ndani ya nyuzi 5 hivi kila upande, ni nadra sana, kwa sababu athari ya mzunguko wa dunia inayovifanya vizunguke ni ndogo mno pale. Karibi na Atlantiki msimu ni 1 Juni hadi 30 Novemba. Kusini magharibi ya Bahari ya Hindi ni Novemba hadi Aprili. Pasifiki ya magharibi upande wa kaskazini unaweza kuvipata mwezi wowote.

Watu wanauliza kasi ya upepo, ila wengi huuawa na maji. Kimbunga kinasukuma bahari yenyewe inapanda nchi kavu. Tacloban, Ufilipino, Novemba 2013, maji yalifika mita kadhaa, na nchi nzima walikufa zaidi ya 6,000. Ndiyo maana nyumba ya ghorofa ya chini hatua chache kutoka mchangani inanikosesha usingizi hata kama si yangu. Tafuta ramani ya mafuriko ya jiji, tembea kwa miguu njia ya kwenda sehemu ya juu ukaone inachukua dakika ngapi ukiwa na mtoto. Na mahali popote pwani, ardhi ikitetemeka kwa muda mrefu au bahari ikirudi nyuma kupita kawaida, msikae kupiga picha.

Nanga_Juu

Wakuu, nimerudi na mrejesho baada ya wiki saba kimya.

Nilimfuata Kasia. Nimekwenda peke yangu wiki tatu, katikati ya mvua zao. Siku ya nne nilitaka kurudi, sitaficha. Shati nalivaa saa mbili, saa mbili na robo limelowa. Taulo haikauki, unaoga asubuhi unajifuta na unyevu wa jana. Intaneti ilikatika mara sita, mara tatu nikiwa kwenye mkutano. Siku ya kumi na mbili hivi nikaamka nikagundua nimelala usiku kucha bila kuamka, na sikuwa nimewasha kiyoyozi.

Ile nyumba nyeupe. Video ya nyuma ya kabati hakutuma mpaka leo, lakini picha zake zinaonyesha nguzo ya rangi mtaani, nikaitafuta kwa miguu nikaipata. Nilikwenda siku ya bamvua, maji yakiwa yamejaa. Kutoka nje, ukuta umepakwa rangi mpya hadi usawa wa goti na juu yake ya zamani, mstari umenyooka kama umepigwa rula. Nikamuuliza mlinzi wa jirani mbona wamepaka nusu. Akacheka, akanionyesha kwa mkono kwenye paja lake: "Mwaka jana maji hapa." Reli ya veranda nilipoishika ilibaki na vipande mkononi mwangu. Dirisha kubwa ni zuri kweli, hilo niseme haki.

Nimepata nyumba mtaa wa nne nyuma, ghorofa ya tatu, mkataba wa miezi mitatu unaoongezeka. Bahari haionekani ila jioni upepo unaingia. Jenereta ya jengo nimeuliza inabeba nini, wakajibu "kila kitu", nikaomba wazime umeme wa nje nione. Inabeba lifti na taa za ngazi basi. Kwa hiyo nimenunua betri ya kuhifadhi umeme, ya kushika kompyuta, kipanga njia cha intaneti na feni moja.

Samani nimeuza. Paka ana chipu, amechanjwa, anangoja kipimo cha damu. Mke wangu ana darasa la lugha kila Jumanne na Alhamisi, tayari ananisahihisha. Nami sasa najua viza yake hairuhusu kazi mwaka wa kwanza, tumelijadili hilo usiku mbili na hatujamaliza.

Karani_Mstaafu

Majina mmekagua?

Nanga_Juu

Mzee, cheti cha mtoto kilikuwa na herufi moja imeruka. Kimerekebishwa, siku 26.

Fundi_Friji

Safi. Ghorofa ya tatu mtaa wa nne, boksi la nje litakushukuru.

Nanga_Juu

Wakuu tumefika, huu mwezi wa pili. Paka alizoea siku tatu, sisi bado. Mtoto anaogelea kunishinda. Kipimo cha unyevu kiko juu ya friji, saa hizi kinasoma 71, nakwenda kuwasha mashine.

Fundi nina swali. Viatu vyangu vyeusi vya ngozi, vile vya harusi, nimevitoa leo vimeota kuvu jeupe mpaka ndani ya kisigino. Nivisafisheje?

Fundi_Friji

Ulivihifadhi vipi?

Nanga_Juu

Mkuu tuanze na kuvisafisha kwanza.

Mama_Saba

Kwenye mfuko wa plastiki. Amefunga fundo mbili.